Kutetemeka Si Ushahidi: Utulivu wa Viongozi wa Kamati Mbele ya Mkutano



Katika matoleo yaliyopita tumeeleza mara nyingi namna ya kutunza vitabu vya fedha za miradi: hati za malipo, stakabadhi, leja, na kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Safari hii tunapenda kuzungumzia jambo linalofuata baada ya vitabu kukamilika. Ni ile saa ambayo mtu mmoja husimama mbele ya watu mia moja au mia mbili kuyasoma yaliyomo, na magoti yake yanakataa kumtii. Kwa miaka mingi sharika zetu zimelichukulia jambo hili kama suala la kipaji. Fulani anajua kuongea, fulani hajui, basi. Kwa yale tuliyoyaona katika miradi, tunaamini ni suala la utawala bora kama ilivyo leja yenyewe, na kamati inaweza kulifanyia kazi.

Tutoe mfano mmoja. Katika usharika fulani wa vijijini, ambao hatutautaja jina, mtunza hazina wa kamati ya maji alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani, mwenye elimu ya darasa la saba. Vitabu vyake tulivikagua wiki mbili kabla ya mkutano, shilingi kwa shilingi, na hakukuwa na upungufu wowote. Siku ya mkutano, kijana mmoja alisimama nyuma kabisa akauliza kwa sauti kubwa kwa nini matengenezo ya mwaka ule yaligharimu zaidi ya mwaka uliotangulia. Jibu lilikuwepo. Bomba kuu lilipasuka sehemu mbili wakati wa masika, na stakabadhi za duka la vifaa zilikuwa ndani ya faili alilolishika mkononi. Lakini karatasi zilianza kupepea kama majani ya mgomba, sauti ikamkauka, akainamisha uso, akasema "nadhani" mara tatu mfululizo. Minong'ono ikaanza upande wa wanaume, ikahamia kwa wanawake: kama ni msafi, anaogopa nini? Kabla jua halijazama alikuwa ameondolewa kwa kura za mikono.

Aliyechaguliwa badala yake alikuwa mzungumzaji mzuri sana. Alijibu kila swali papo hapo, akitabasamu, bila kufungua kitabu. Miezi tisa baadaye koki kuu iliharibika, na kamati ilipotaka fedha za kununua nyingine ikagundulika kwamba daftari la mapato halijaandikwa tangu mwezi wa pili. Hatukusudii kumwita mwizi, maana hilo halikuthibitishwa. Tunachoweza kusema ni kwamba kwa majuma kadhaa akina mama wa kijiji kile walirudi mtoni na ndoo zao, na kwamba mtu pekee aliyejua kuandika daftari lile vizuri alikuwa nyumbani kwake akishona sare za shule. Ameapa hatagombea tena uongozi wowote. Debe tupu haliachi kuvuma, wazee walisema, lakini siku ya mkutano ule hakuna aliyelikumbuka neno hilo.

Mwili unafanya nini

Ni vema tufahamu kwanza kinachotokea mwilini, kwa sababu watu wengi wanaotetemeka huamini wana kasoro ya imani au ya akili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtu anapohisi hatari, tezi hizi humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Mwanasayansi Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1915, akionyesha kwamba mnyama au mtu aliyetishwa huandaliwa na mwili wake ama kupigana ama kukimbia. Moyo huenda mbio ili kusukuma damu. Damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, ndiyo maana vidole hubaki baridi. Mate hupungua na kinywa hukauka, misuli ya koo hukaza na sauti kupanda juu au kukatika. Tumbo nalo huanza kudai mambo yake, na kila mmoja wetu anajua jinsi choo kinavyotembelewa kabla ya mkutano mkuu.

Haya yote yangekuwa na faida kubwa kama swali la yule kijana lingekuwa chui. Tatizo ni kwamba mtunza hazina hawezi kupigana wala kukimbia. Anatakiwa asimame palepale na kutaja tarakimu. Nguvu iliyoandaliwa haipati kazi ya kufanya, na sehemu yake huonekana kama kutetemeka. Mwili hauulizi kama mtu ameiba au hajaiba. Anayeogopa kugunduliwa na anayeogopa kutoeleweka hupata adrenalini ileile.

Hapa ndipo mikutano yetu inapokosea. Tunadhani tunaweza kumsoma mtu usoni. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa kuhusu uwezo wa watu kutambua anayesema uongo kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Waliopimwa katika tafiti hizo kwa jumla walizidi 24,000. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila mara 100. Kurusha sarafu juu na kusubiri ianguke upande gani kungewapa mara 50. Tunaomba kila mzee wa kanisa aikumbuke tarakimu hii siku atakaposikia jirani yake akisema, "Mtazame, hata macho hainui."

Utafiti mwingine unamhusu mzungumzaji mwenyewe, nao umetusaidia zaidi katika mafunzo. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo waliotakiwa kutoa hotuba fupi mbele ya kamera. Kundi moja halikuambiwa kitu. Kundi la pili liliambiwa tu kwamba kuwa na wasiwasi ni kawaida, wasijali. Kundi la tatu lilielezwa jambo mahususi: kwamba mzungumzaji hudhani wasikilizaji wanaiona hofu yake yote, kumbe sehemu kubwa imefichika ndani na hawaioni. Kundi hili la tatu ndilo lililozungumza vizuri zaidi na kuonekana limetulia zaidi machoni pa waliotazama. Kundi la pili halikupata faida hiyo.

Tafakarini hapo, wapendwa. Mara ngapi tunamwambia mwenzetu "usiogope, mama, we nenda tu", tukidhani tumemsaidia? Neno hilo ni la upendo, lakini halimpi kitu cha kushika. Mwambieni badala yake kwamba moyo unaodunda kama ngoma ndani ya kifua chake hausikiki hata na aliyekaa benchi la mbele.

Kujiandaa kabla ya siku

Utulivu unaoonekana siku ya mkutano hutengenezwa zaidi juma moja kabla. Katika Biblia tunaye Nehemia, na tunawashauri wanakamati wasome tena sura ya pili ya kitabu chake kwa jicho la mtu anayeomba fedha za mradi. Alipokuwa mbele ya mfalme Artashasta, uso wake ulimsaliti. Mfalme akauona huzuni, na Nehemia mwenyewe anakiri kwamba aliogopa mno. Aliomba kimoyomoyo, kisha akajibu. Alipoulizwa anataka nini, alikuwa na majibu yote tayari: muda atakaotumia, barua za kwenda kwa maliwali wa njiani, na barua kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti ya malango na ukuta. Habari za Yerusalemu alizipata mwezi wa Kisleu, na siku hii ilikuwa mwezi wa Nisani. Miezi kama minne ilikuwa imepita, naye hakuipoteza. Hofu yake haikumwondokea, ila ilimkuta na orodha mkononi.

Kwa mtunza hazina wa usharika, orodha hiyo ni karatasi moja yenye maandishi makubwa. Tumekuwa tukipendekeza tarakimu chache tu. Tuchukue mfano wa kubuni: salio la kuanzia ni shilingi 412,000, mapato ya miezi mitatu ni 1,865,000, matumizi ni 1,790,000, salio la mwisho ni 487,000, na katika hizo 450,000 ziko benki na 37,000 ziko mkononi. Anayezijua tarakimu hizi kwa moyo, na anayejua kila moja inatoka ukurasa gani wa daftari, ana mahali pa kurudi akichanganyikiwa. Upande wa nyuma wa karatasi ileile aandike matumizi matatu makubwa kuliko yote pamoja na sababu zake, kwa maana maswali hayatoki mbali na hapo. Yule mama wa mfano wetu alikuwa na faili la karatasi 60. Lilikuwa faili zuri kwa mkaguzi, lakini kwa mtu mwenye vidole vya baridi karatasi 60 ni msitu.

Sentensi mbili za kwanza zikaririwe, neno kwa neno. Hofu ya mzungumzaji huwa kali zaidi pale anapoanza, halafu hupungua kadiri anavyoendelea, kwa hiyo ni busara dakika ile ya kwanza isimtake kufikiri. Salamu, jina, cheo, kipindi cha taarifa. Hayo yanatosha. Akifika kwenye tarakimu ya kwanza, mwili umeanza kuzoea.

Kisha kuna zoezi la maswali. Jioni moja kabla ya mkutano, kamati inakaa pamoja, mtunza hazina anasoma taarifa, na wengine wanageuka kuwa wanakijiji wenye hasira. Wasimhurumie. Aulizwe kwa nini fundi alilipwa mara mbili, kwa nini posho, kwa nini simu ya mwenyekiti imejazwa salio kutoka mfuko wa maji. Katika zoezi kama hili tulilofanya jimbo moja, aliyekuwa mkali kuliko wote ni mwinjilisti mpole ambaye hatujawahi kumsikia akimkemea hata mbuzi wa jirani. Watu walicheka mpaka machozi. Hata hivyo swali aliloliuliza ndilo lililoulizwa mkutanoni, karibu kwa maneno yaleyale, na jibu lilikuwa limeshapita mdomoni mara moja. Zoezi hili pia hufichua kitu kingine. Swali ambalo kamati nzima haiwezi kulijibu jioni ile si suala la woga tena. Hapo kuna shimo kwenye vitabu, na lishughulikiwe kama shimo.

Siku yenyewe

Anayejua kuimba kwaya tayari anajua nusu ya somo hili. Mwalimu wa kwaya huwafundisha waimbaji kuvuta pumzi kutoka chini ya kifua na kuitoa polepole ili ifike mwisho wa mstari. Moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta pumzi ndani na hupunguza kasi tunapoitoa. Kwa hiyo anayerefusha kutoa pumzi anauambia moyo upunguze mwendo. Vuta ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita au nane, mara tano au sita, ukiwa umeketi unasubiri kuitwa. Hakuna atakayejua unafanya nini. Wengi wetu hufanya kinyume: tukiitwa tunavuta pumzi kubwa, tunaishikilia, halafu tunaanza kusoma kwa kasi kama gari lililokatika breki.

Karatasi iwekwe mezani. Mtetemo mdogo wa mkono hauonekani kwenye mkono, lakini kwenye ncha ya karatasi unaonekana hadi mlangoni. Kama hakuna meza, bandika karatasi kwenye jalada gumu na ulishike kwa mikono miwili karibu na kifua. Maji yanywewe kabla ya kusimama, maana bilauri mkononi ina tabia ileile ya karatasi. Simama kwa miguu yote miwili. Soma tarakimu, nyamaza kidogo, soma inayofuata. Kimya cha sekunde tatu humwonekea msomaji kama mwaka mzima, ilhali wasikilizaji wanakihitaji ili waandike.

Wapo wanaojaribu kujilazimisha watulie kwa kujiambia "nimetulia, nimetulia", na mwili unawakatalia waziwazi. Mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia wana hamu na msisimko wa kufanya jambo walihutubia vizuri kuliko waliojiambia kwamba wametulia. Kwa mtu wetu hiyo ina maana kwamba aseme moyoni, "Nina hamu watu hawa wajue fedha zao ziko salama." Moyo uende mbio, lakini uende mbio kwa sababu hiyo. Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mafunzo mengi yaliyowafundisha watu kusimama na kutanua mikono kama washindi kabla ya mkutano ili homoni zao zibadilike. Fundisho hilo lilitokana na utafiti wa mwaka 2010. Waliolirudia jaribio hilo na watu wengi zaidi, wakatoa matokeo mwaka 2015, hawakuona mabadiliko hayo ya homoni, na mmoja wa waandishi wa awali akatangaza mwaka 2016 kwamba haamini tena. Hatuna haja nalo. Na wale wanaotafuta ujasiri kwenye chupa kabla ya kusoma taarifa ya fedha za kanisa, tunadhani hawahitaji makala bali mazungumzo na mchungaji.

Sasa, swali lisilo na jibu. Hili ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu wanaamini kwamba kiongozi anayejiamini hujibu kila kitu palepale. Tunawaomba wakumbuke kilichotokea Worms, Ujerumani, mwezi Aprili 1521. Tarehe 17 Martin Luther aliwekwa mbele ya Kaisari Charles wa Tano na wakuu wa dola, akaonyeshwa vitabu vyake, akaulizwa kama ni vyake na kama anayakana yaliyomo. Hakujibu yote siku ile. Kwa sauti ya chini, ambayo baadhi ya waliokuwepo walidhani ni ya mtu aliyeshikwa na hofu, aliomba muda wa kufikiri. Akapewa siku moja. Tarehe 18 alirudi, akajibu kwa sauti iliyosikika vizuri, kwa Kijerumani na kwa Kilatini, na historia ya Kanisa letu inaanzia katika jibu hilo. Wanaolikumbuka Kanisa la Kilutheri kwa ujasiri wa siku ya pili wasisahau kwamba siku ya kwanza ilikuwepo.

Kwa hiyo mtunza hazina anaruhusiwa kusema: "Ndugu mwenyekiti, swali la kaka yetu nimelisikia. Jibu lake liko kwenye stakabadhi ambazo sikuja nazo. Nitazileta Jumapili ijayo baada ya ibada, na nitazibandika ubaoni." Maneno haya yana siku na yana mahali, ndiyo maana hayasikiki kama kukwepa. "Nadhani" ni neno hatari zaidi, kwa kuwa linajibu nusu na kuacha nusu. Ila ahadi ya Jumapili ikivunjwa, hakuna pumzi wala karatasi itakayosaidia mkutano unaofuata.

Kazi ya mwenyekiti na ya mkutano

Hadi hapa tumemzungumzia anayesimama. Lakini kama mzigo wote wa utulivu tunamwachia yeye, tutaendelea kuwachagua wenye ndimi nyepesi na kuwapoteza wenye mikono safi. Tena tutaendelea kukosa akina mama na vijana katika nafasi za fedha, kwa sababu wao ndio waliolelewa kutozungumza mbele ya wazee. Katika makabila yetu mengi binti anayemkazia macho mzee anaonekana hana adabu. Binti huyohuyo tukimfanya mtunza hazina, akainamisha macho akijibu swali la mzee, tunasema anaficha kitu. Atende lipi?

Njia rahisi kuliko zote ni kuitoa taarifa mdomoni na kuiweka ukutani. Taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa usharika na wa ofisi ya kijiji wiki moja kabla, na siku ya mkutano iandikwe kwa herufi kubwa kwenye bango kitita. Watu wakiwa na tarakimu mbele ya macho yao, huzitazama tarakimu, na uso wa msomaji hupumzika. Kwa upande wa kijiji utaratibu wa mikutano upo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi ni sehemu ya mambo yake. Kwa miradi ya maji, tangu sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, huduma vijijini inaendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na viongozi wa vyombo hivyo wanatoka katika watu walewale tunaowazungumzia, wengi wao wakiwa washarika wetu. Woga wao haukufutwa na sheria.

Mwenyekiti apokee maswali matatu, ayaandike, kisha amruhusu mtunza hazina ajibu akiwa ameketi mezani na vitabu vyake. Anayejibu ameketi, daftari likiwa wazi mbele yake, hutetemeka kidogo sana kuliko aliyesimamishwa kama mshtakiwa. Swali likirushwa kwa kelele, mwenyekiti alirudie kwa sauti ya kawaida kabla halijajibiwa: "Mzee anauliza kuhusu gharama za bomba." Hasira inabaki kwa mwenye nayo, swali linafika. Na minong'ono ikianza kuhusu uso wa mtu, mwenyekiti auelekeze mkutano kwenye karatasi. Anayetilia shaka ataje tarakimu anayoitilia shaka. Mkutano una haki ya kudai stakabadhi, benki na mkaguzi. Hukumu itoke huko.

Lisemwe pia kwa upande wa pili, maana tusije tukaeleweka vibaya. Mtu mtulivu si mwongo kwa sababu ametulia. Wapo watunza hazina wenye sauti nzuri na vitabu vizuri, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Tunachosema ni kwamba wakaguliwe sawasawa na yule anayetetemeka, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo kwa kweli halifanyiki. Tumekuta kamati ambazo mtu mwenye maneno hajawahi kuombwa taarifa ya benki kwa miaka miwili, kwa sababu kumwomba kulionekana kama kumkosea heshima.

Wageni wanapokuja

Neno fupi kwa wahisani na marafiki wa sharika rafiki wanaosoma jarida hili, na kwa kamati zinazowapokea. Ziara za miradi zina presha yake. Kijiji kimepika, kwaya imeimba, mchungaji ametafsiri, halafu mgeni anauliza swali la fedha. Katika hali hiyo wenyeji hutabasamu na kusema hakuna tatizo. Mgeni anarudi kwao akiandika kwamba kamati inajiamini. Wakati mwingine kisima kimesimama tangu mwezi uliopita, na tabasamu lile lilikuwa ni adabu ya kutomharibia mgeni siku. Mficha uchi hazai, na mradi unaofichwa ugonjwa haupati dawa.

Wakati mwingine ni kinyume chake. Mgeni anauliza moja kwa moja, mwenyeji ananyamaza, anatazama chini, anamtazama mchungaji, na mgeni anahisi harufu ya ubadhirifu pale ambapo hakuna kitu isipokuwa mama anayetafuta namna ya kumjibu mgeni kwa heshima. Tunawaomba wageni wetu watume maswali ya fedha kabla ya safari, walau wiki mbili, yatafsiriwe na kujibiwa kwa maandishi. Wakifika wakutane na mtunza hazina kando, wakiwa wachache, vitabu vikiwa mezani, baada ya chai na si katikati ya sherehe. Na kamati zetu zijue kwamba kwa wageni wengi wa Ulaya na Marekani kusema "hili bado hatujaliweza" huongeza imani kuliko kuipunguza. Ripoti zisizo na tatizo hata moja ndizo zinazowatia wasiwasi.

Yapo pia mashaka ambayo si ya mkutano. Mtu ambaye moyo humwenda mbio usiku bila sababu, asiyelala, anayeogopa kutoka nyumbani, asipewe mazoezi ya karatasi na pumzi peke yake. Apelekwe hospitali akaonwe na mganga.

Sharika zinazojiandaa na mkutano mkuu wa mwaka zinaweza kuomba mtu wa ofisi ya miradi aje kuendesha zoezi la maswali. Barua ipitie kwa mkuu wa jimbo na ifike mwezi mmoja kabla, ikitaja tarehe ya mkutano na majina ya watakaosoma taarifa. Tunahitaji jioni moja tu, meza, vitabu vyote vya mwaka, na wazee wasiopungua sita walio tayari kukasirika kwa muda wa saa mbili. Tunapendelea mtunza hazina aje na msaidizi wake, ili siku mmoja akiugua mwingine asisimamishwe bila kujua karatasi iko wapi.